Makabidhiano ya Zamu

Nchi ninayoisimulia si ile unayoifikiria. Ile unayoifikiria ina barabara. Hii ina Wizara ya Barabara. Ile ina umeme; hii ina Siku ya Taifa ya Umeme, ambayo huadhimishwa kwa mishumaa. Kwa hiyo tulia usome, na ukijikuta unacheka mbele za watu, sema umekumbuka jambo la nyumbani.

Katika nchi hiyo kuna mfereji. Unatoka mlimani, unapita kata tatu, na unaishia mahali panapoitwa Mkiani. Mashamba mia mbili na kumi na mawili yanakunywa mfereji huo mmoja. Zamani zamu za maji zilipangwa kwa midomo, na midomo iliposhindwa zilipangwa kwa majembe. Nakumbuka mwaka wa majembe vizuri sana, hata kama gazeti la serikali liliuita mwaka wa mazungumzo. Baba yake Tabitha Mghoi alitoka nyumbani kuuliza zamu yake akiwa na vidole kumi, akarudi na saba.

Tabitha alikuwa fundi simu hapo Mkiani. Chuo hakusoma; alisoma simu za watu zilizokufa. Alikaa miaka miwili akaandika programu, akaiita Zamu. Unaiambia shamba lina ukubwa gani, limepandwa nini, udongo wake unanywa vipi na nani alikosa maji wiki iliyopita. Yenyewe inakwambia nani anafunguliwa, siku gani, saa ngapi. Halafu akafanya jambo ambalo wasomi wa nchi ile hawajamsamehe mpaka leo: akaiacha huria, kila mtu aione mpaka utumbo. Juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote, aliandika sheria yake ya mistari mitatu. Chukua. Tengeneza palipoharibika. Usimzuie mwenzako.

Watu wakachukua, wakatengeneza. Desturi ya Zamu ilikuwa kwamba ukirekebisha kitu, pembeni yake unaandika jina lako na sababu. Kwa hiyo ukiifungua ndani ulikuwa unakutana na watu. "Hapa nimeongeza nusu saa kwa mashamba ya mchanga, maji yananywewa njiani. Ndekirwa, mgawa maji." "Programu ilikuwa haijui Ramadhani. Sasa inajua. Mwalimu Hamisa." "Shemeji yangu alijipa zamu mbili. Nimeondoa moja. Asinitafute." Baada ya miaka sita mifereji arobaini ilikuwa ikiendeshwa na Zamu, na wodi ya majeruhi wa majembe katika hospitali ya wilaya ikageuzwa stoo ya viti.

Kitu kikienda vizuri bila msaada, serikali huingiwa na huruma.

*

Tabitha alikuwa na mwenzake, Rogasian, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Wawili hao walifungua kampuni ndogo ya kuzunguka mifereji, kufunga programu na kufundisha watu. Kampuni iliandikwa kwa jina la Rogasian peke yake, kwa sababu siku ya kuandikisha ilikuwa siku ya Tabitha ya maji, na mtu wa Mkiani haachi maji akafuate karatasi. Ni kosa ambalo watu wa Mkiani tu ndio wanaoweza kulifanya, na wangelifanya tena kesho.

Ndipo ikaja Anga Pana. Hiyo ni kampuni ya ng'ambo, kubwa kiasi kwamba ikipiga chafya, nchi yetu (samahani, nchi ile) inaandika barua ya pole. Ilimtuma Bwana Tresko, ambaye cheo chake kilikuwa Makamu wa Rais wa Kupenda Jamii. Bwana Tresko aliipenda Zamu kwa muda wa dakika arobaini, kisha akainunua kampuni ya Rogasian.

Sherehe ilifanywa na Wizara ya Uwazi, katika ukumbi uliofungwa. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Pankrasi Fungamwango, alisimama akasubiri makofi, akayapata, akasubiri mengine.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa wananchi walikuwa nje ya geti, "kwa miaka sita programu hii imelala nje kama yatima. Kila mpita njia anaingia. Je, huo ni utu? Leo tumeipatia mlango. Na mlango usio na kufuli ni nini? Ni ubao. Kwa hiyo tumeipatia na kufuli. Na kufuli lisilo na mwenye ufunguo litaota kutu. Ndiyo sababu tunaye hapa Bwana Tresko."

Bwana Tresko akasimama na kutamka sentensi pekee ya Kiswahili aliyokuwa amefundishwa: "Hakuna kitakachobadilika."

Sentensi hiyo ninaifahamu, tumekua nayo. Tuliisikia yalipochukuliwa maharage ya Kipanga, mbegu ambayo jirani alikuwa akimpa jirani kwenye ncha ya khanga. Leo yale maharage yana namba, na ukiyapanda bila kibali unaitwa haramia kwenye shamba la bibi yako. Tuliisikia tena kisima cha Soko la Juu kilipowekewa mfuniko kwa ajili ya usafi. Mfuniko ukawekewa kufuli ili usiibiwe, kufuli likawekewa mlinzi ili lisivunjwe, na mlinzi akawekewa uzio kwa sababu watu wenye kiu walikuwa wanamsumbua. Kisima ni kisafi kweli. Hakuna aliyekigusa tangu mwaka ule.

Nje ya geti Tabitha alimkuta Rogasian akitafuta gari lake jipya, ambalo alikuwa bado hajalizoea.

"Umeuza nini, Roga?"

"Nimeuza kampuni, dada. Zamu yenyewe ipo palepale."

"Kampuni ilikuwa na meza mbili na pikipiki isiyowaka."

"Na jina."

"Jina nani alikupa?"

Rogasian akatazama viatu vyake, navyo vikamvutia. "Ukubwa nao ni huduma, Tabitha. Hawa watatufikisha mbali."

"Huko mbali mimi nina nini? Nataka maji yafike Mkiani."

*

Hakuna kilichobadilika kwa siku nane. Siku ya tisa simu zote zikapokea sasisho, na Zamu ikawa na rangi ya zambarau na vifurushi vitatu. Kifurushi cha Kilele kilimpa mkulima maji siku aliyotaka. Kifurushi cha Ngazi kilimpa maji Kilele akishamaliza. Cha tatu kilikuwa cha bure kabisa, kwa sababu Anga Pana inapenda jamii, nacho kiliitwa Tumaini: mwenye Tumaini aliruhusiwa kuiona zamu yake ikipita.

Mfereji mzima ulikuwa na mteja mmoja tu wa Kilele. Karibu na lango kuu la maji kulikuwa na shamba kubwa la ukoka, nyasi za kutandaza kwenye hoteli na viwanja vya gofu, na shamba hilo lilikuwa la Mheshimiwa Waziri, au la mke wake, au la mbwa wao, kutegemea ni nani aliyeuliza.

Wataalamu wa Anga Pana wakapitia pia yale maandishi ya pembeni. Yale ya shemeji waliyaona ni tishio la usalama. Mwishowe wakafuta majina yote na sababu zote, kwa ajili ya kulinda faragha ya wahusika, na kwa bahati mbaya wakafuta na marekebisho yenyewe. Nusu saa ya mashamba ya mchanga ikatoweka. Ramadhani ikasahauliwa. Ndekirwa, yule mgawa maji, ambaye ni mwajiriwa wa serikali na ndiye mwenye kuzungusha gurudumu la lango, akapiga simu ya huduma kwa wateja.

"Mchanga unakunywa maji," aliwaambia.

"Asante kwa kutupigia. Tatizo lako ni la programu au ni la mchanga?"

"Ni la mchanga."

"Samahani mzee, mchanga hatuuhudumii."

Lakini Zamu ya zamani ilikuwa bado imetapakaa nchi nzima, kwenye kompyuta za shule, kwenye flashi zilizofungwa pindoni mwa khanga, kwenye simu za makanika. Watu wakaanza kuirudia kimyakimya. Bwana Tresko akaenda kwa Waziri akilalamika kuwa ameuziwa ng'ombe, na sasa anakuta kila nyumba ina maziwa.

Wanasheria wakaisoma ile mistari mitatu. Mstari wa kwanza uliwapendeza. Wa pili hawakuwa na muda nao. Wa tatu uliwatatiza, kwa hiyo ikaundwa tume ya kuchunguza mwenzako ni nani. Tume ilikaa hotelini wiki tatu, ikaja na ripoti kwamba, kwa kadiri ilivyoweza kuona, mwenzako ni mtu yeyote mnayekaa naye hotelini.

Ikatoka amri. Kila raia mwenye nakala ya Zamu aikabidhi kwa Serikali kabla ya Jumanne jioni. Atakayekutwa nayo bila kibali kuanzia Jumatano atashtakiwa kwa kosa jipya, Kuficha Uwazi.

Nyumbani kwa Tabitha hawakungoja Jumanne. Wanaume wawili wenye miwani walikuja Ijumaa wakachukua kompyuta, flashi zote, na redio pia, kwa sababu ilikuwa karibu. Kwa siku chache ambazo Ndekirwa alifungua lango kwa kufuata nakala yake, Mkiani walipata maji. Sasa hapakuwa na nakala hata moja kijijini, na vitunguu vya Mkiani vilikuwa katika wiki ya kumi na moja, wiki ya kujaza. Kitunguu kikikosa maji wiki hiyo hakifi. Kinabaki saizi ya gololi, kinakutazama. Zamu ya Mkiani ilikuwa Jumatano. Na katika nyumba kadhaa, Jumapili ile, Tabitha aliona watu wakinoa majembe pande zote mbili.

"Kwani jembe linanolewa nyuma?" alimuuliza jirani yake, Mama Eshi.

"La mwaka huu linanolewa," alisema Mama Eshi.

*

Jumatatu Tabitha akaenda uwanja wa michezo wa wilaya, ambako makabidhiano yalikuwa yanafanyika. Mpango wake ulikuwa rahisi: atafute mtu kwenye foleni mwenye nakala, amwombe ampe kabla hajaikabidhi. Hakujua bado habari ya Waraka wa Tatu.

Waraka wa Tatu ni mkongwe kuliko Waziri. Unasema hivi: chochote kinachopokelewa na Serikali sharti kiwe vitatu. Kimoja kibaki dirishani, kimoja kiende makao makuu, kimoja arudishiwe aliyekileta, kiwe stakabadhi yake. Hakuna anayekumbuka ulikusudiwa kitu gani, barua pengine. Lakini makarani wa nchi ile hawakusudii, wanatekeleza. Mwaka mmoja raia mwema alikabidhi mbuzi aliyepotea, na ofisi ya kata ikahangaika siku mbili kutafuta wengine wawili wa kufanana naye. Raia yule alirudi nyumbani na stakabadhi yake ikilia njia nzima.

Foleni ilizunguka uwanja. Tabitha alikuwa ndiyo kwanza amemgusa bega mwalimu mmoja wa sekondari, askari akamwona.

"Mama, foleni iko huku."

"Mimi sikuja kupanga, afande."

"Kila aliyeko uwanjani anapanga. Asiyepanga ni mkutano usio halali."

Akapanga. Saa tatu baadaye akawa mbele ya dirisha la saba, kwa karani aitwaye Bi. Sikuzani, mwanamke mwenye muhuri mkononi na mwingine wa akiba kwenye pochi.

"Nakala yako."

"Sina."

"Jina?"

"Tabitha Mghoi."

Bi. Sikuzani akafungua orodha. "Huna kivipi, na jina lako ndilo la kwanza?"

"Walikuja kuichukua Ijumaa."

"Walikupa stakabadhi?"

"Hawakunipa."

"Basi hawakuja." Akaandika hivyo. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mtu asiye na nakala anajaza Fomu ya Kumi na Tisa, Kukiri Kutokuwa Nayo. Unaambatanisha nakala moja ya kile usichokuwa nacho, ili Wizara ijue ni kitu gani hasa huna."

Tabitha akamtazama. "Nitaambatanisha vipi, nami sina?"

"Ndiyo maana tunatoa. Unadhani ni wewe wa kwanza? Tangu asubuhi nimekutana na wasionacho mia tatu." Akavuta droo iliyojaa flashi kama kunde, akachagua moja. "Hii ya kuambatanisha. Nairudisha hapa." Akachukua ya pili. "Hii inakwenda makao makuu." Akachukua ya tatu, akaifunga lebo kwa uzi, akaipiga muhuri mpaka meza ikatikisika. "Na hii ya kwako. Usije ukaipoteza. Ukiipoteza itabidi urudi kukiri."

"Ndani kuna Zamu ipi? Hii ya zambarau?"

"Ile ya zamani. Ya zambarau haijakabidhiwa na mtu, tutaipata wapi?" Bi. Sikuzani akasogeza daftari lake karibu, akashusha sauti. "Mie kwetu Bonde la Chini tuna mfereji. Tulikuwa tunaisikia tu hiyo Zamu. Ni kweli inajua mpaka mchanga?"

"Ilifundishwa," alisema Tabitha.

"Anayefuata," Bi. Sikuzani akaita.

Hadi Jumanne jioni, nchi iliyokadiriwa kuwa na nakala elfu nne ilikuwa imekabidhi elfu tisini na mbili. Watu walikuja ambao hawakuwa na mfereji, wala shamba. Waliambiwa kuna kitu cha serikali kinagawiwa chenye muhuri, wakawahi. Waziri alizungumza redioni kwa sauti ya kutetemeka. Alisema hajapata kuona wananchi wakijisalimisha kwa mapenzi namna ile, na kwamba takwimu zimeshafika kwa Mheshimiwa Rais, ambaye amezipigia mstari kwa wino mwekundu. Bwana Tresko alipewa joho, na mkalimani akamweleza kwamba mafanikio ni mara ishirini na tatu ya matarajio. Alifurahi sana. Mtu mwenye joho huwa haulizi hesabu.

*

Jumatano saa moja asubuhi watu wa Mkiani walikuwa wamefika lango kuu, wote, na majembe yao. Upande wa pili walisimama vibarua wa shamba la ukoka, nao hawakuja mikono mitupu. Katikati, juu ya daraja la mbao, alikuwa Ndekirwa, ameshika simu ya kazini kwa mkono mmoja na gurudumu la lango kwa mwingine. Simu ilikuwa ya zambarau.

"Mimi nasoma kinachosemwa," alisema kwa uchungu. "Inasema Kilele. Leo Kilele, kesho Kilele, mpaka mwezi uishe."

"Umesikia," msimamizi wa ukoka aliwaambia watu wa Mkiani. Alikuwa mtu mnene aliyevaa kofia ya gofu. "Rudini mkachume matumaini yenu."

Jembe moja likainuka kidogo. Sikusema la nani wakati ule na sitasema sasa.

Tabitha akapanda darajani. Kutoka kwenye kitambaa alitoa simu kuukuu isiyo na laini, ili sasisho lisiipate, akachomeka flashi, akampa Ndekirwa. Lebo ikaning'inia kwenye uzi.

Ndekirwa hakuangalia simu. Aliangalia lebo. Ni mtumishi wa miaka thelathini na moja. Anajua cha kusoma kwanza. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Nakala hii ni halali, ni sawa na zote zilizopokelewa na Serikali. Itumike inapohitajika. Wizara ya Uwazi." Akageuza simu ya zambarau mbele, nyuma, na chini mahali pa kuchomeka chaja. "Hii haina muhuri," alisema.

"Muhuri wa nini?" msimamizi alisema. "Hiyo ni ya kampuni. Wameinunua."

"Basi ipeleke kwa kampuni ikazungushe gurudumu."

Msimamizi akampigia Waziri. Akaweka sauti ya nje, ili wote wasikie jinsi watakavyokomeshwa.

"Mheshimiwa, huku kuna watu na nakala ya ile Zamu iliyopigwa marufuku."

"Wakamatwe."

"Ina muhuri, Mheshimiwa."

"Muhuri umeghushiwa. Ni wa nani?"

"Wako."

Kwenye simu ikasikika sauti ya kijiko kikigusa kikombe. Mheshimiwa Fungamwango si mjinga, nchi ile haina mawaziri wajinga. Ana kasoro nyingine. Akiukana muhuri mmoja amezikana elfu tisini na mbili, na zile elfu tisini na mbili zina mstari mwekundu wa Rais chini yake.

"Mheshimiwa? Upo?"

"Nipo kwenye kikao," sauti ilisema. "Fuateni utaratibu." Simu ikakatika.

Ndekirwa akasoma zamu. Ilikuwa na Ramadhani yake, ilikuwa na mchanga wake, ilikuwa na jina lake mwenyewe pale kwenye nusu saa, akapitisha kidole juu yake kama mtu anayefuta vumbi. "Jumatano. Mkiani, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Na nusu saa ya njiani." Akazungusha gurudumu. Lilikuwa halijaelekezwa chini tangu Ijumaa ile, lilipiga kelele.

"Na sisi lini?" msimamizi aliuliza. Alikuwa ameshavua kofia.

"Ukoka." Ndekirwa akateremsha kidole mbali sana. "Jumamosi. Baada ya mchicha wa shule ya msingi."

"Jumamosi utakuwa umekauka."

"Andika sababu na jina lako. Watu wataisoma, wakiona ni ya kweli wataongeza."

Msimamizi akatazama majembe, akaivaa tena kofia yake.

Maji yakashuka. Anga Pana bado iko, msije mkadhani imeondoka. Ina jengo, joho na jina, na nasikia sasa imeanza kupenda mbegu za mtama. Rogasian ni Mkurugenzi wa Kupenda Jamii, Kanda ya Mifereji. Watu wenye miwani hawajairudisha redio. Lakini hayo ni mambo ya watu wakubwa. Tabitha aliteremka akiyafuata maji kando ya mfereji, akitoa majani kwa kijiti kila yalipokwama, na Mkiani nzima nyuma yake.

Saa tano na dakika kumi yaliingia, na povu, na takataka, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Hakuna aliyepiga vigelegele. Waliinama, wakaanza kufungua matuta, kwa sababu saa tatu na dakika ishirini zilizobaki si nyingi kwa vitunguu vya kijiji kizima.